Mwenzi wa Mahindi

Asubuhi ile Daktari Gotfrida Hyera alipasua kinundu kingine kwa wembe, akakiweka chini ya hadubini, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya utafiti akatamani macho yake yawe yamekosea.

Kilikuwa cheupe.

Kinundu cha mzizi wa haragwe kikiwa na afya, ukikipasua, ndani huwa chekundu, wekundu unaokaribia kabisa ule wa damu, maana mmea hutengeneza protini ya kushika oksijeni iliyo ndugu wa ile iliyomo mwilini mwa mtu. Wekundu huo husema kwamba bakteria wamo ndani na wanafanya kazi yao. Wanaishika naitrojeni ya hewani, ambayo mmea wenyewe hauwezi kuila, wanaigeuza kuwa chakula, na mmea unawalipa kwa sukari. Weupe nao husema kwamba bakteria wamo ndani, sukari wanaila, na kazi hawafanyi.

Nje ya dirisha la maabara milima ya Umatengo ilikuwa ya kijani kitupu. Miteremko yote ilikuwa imechimbwa mashimo ya kulimia yaitwayo ngoro, yamepangana kama sega la nyuki, na juu ya kingo za mashimo yale mahindi yalisimama na majani mapana, yenye rangi iliyokolea, pasipo hata punje moja ya mbolea. Ulikuwa mwaka wa sita tangu meli za mbolea ziache kuja pwani. Mpita njia angeiangalia milima ile na kusema watu wa hapa wamebarikiwa.

Longino Mbunda, mkuu wa kituo, aliingia bila kubisha.

"Maharage?" aliuliza.

"Meupe. Yote niliyoyapasua tangu jana."

"Na mahindi?"

"Mahindi mengi bado ni mekundu. Lakini vinundu vyeupe vimeanza kuonekana, Longino. Misimu miwili, labda mitatu, tutakuwa tumefika huko huko."

Longino alivuta kiti akakaa. Hakuhitaji kuelezwa. Walikuwa wote pamoja mwaka ule wa njaa, Gotfrida alipofungua mlango wa mahindi.

Mzizi wa haragwe ukiishiwa naitrojeni humwaga udongoni kemikali ya kuita. Bakteria wake wakiisikia hujibu kwa kemikali yao, na kinyweleo cha mzizi hujikunja kama kidole, kikawakumbatia na kuwaingiza ndani. Mahindi nayo yana masikio ya namna hiyo, ila yakiwasikia bakteria hudhani ni ugonjwa na kufunga mlango. Gotfrida alibadilisha sehemu ndogo mno ya protini moja, na mlango ukafunguka. Bakteria aliyemtengeneza aingie humo alimwita Mwenzi.

Lakini haragwe lina desturi moja zaidi. Kinundu kisichofanya kazi hukinyima hewa mpaka kife. Mahindi yalipopewa desturi hiyo yalishindwa kuitumia. Yaliwanyima hewa bakteria wote, wachapakazi na wavivu, yakabaki manjano. Watu walikuwa wanakufa wakati ule, na kazi ya kuirekebisha ingechukua miaka. Gotfrida akaiondoa. Mahindi yakalisha kila bakteria aliyeingia, bila kumuuliza amefanya nini. Na sasa, katika udongo wa milima ile, kilikuwa kimezaliwa kizazi cha Mwenzi kilichojua kula tu. Kwa kuwa hakikupoteza nguvu kwa kazi, kiliongezeka upesi kuliko ndugu zake. Wito wa haragwe kilijua kuuitikia pia. Kiliwahi mizizi kabla ya bakteria wa asili, kikajaa ndani, na maharage yakafa njaa huku vinundu vimejaa.

"Mamlaka ya Udongo wamejibu," Longino alisema. "Wamekubali kirusi kitumike."

Kirusi hicho, mla-bakteria, kilikuwa tayari kwenye jokofu nyuma yao. Kilimla Mwenzi peke yake, mchapakazi na mvivu, na bakteria wengine hakikuwagusa. Lakini mahindi yaliyokuwa bado hayajatoa mbelewele yangebaki bila mlishi, na mavuno ya mwaka ule yangepotea.

"Tusubiri wavune kwanza," Gotfrida alisema, ingawa jibu alilijua.

"Mvua zikikatika kirusi hakitembei. Kinahitaji maji ya kukibeba toka shimo hadi shimo. Na hadi mvua nyingine zije, mbegu za maharage zilizobaki wilaya nzima zitakuwa wapi?" Longino alishusha sauti. "Wanataka uanzie Matekelo. Ukimwage kwenye chanzo cha maji kule juu, mvua imalizie. Kimya kimya."

"Watu wasiambiwe?"

"Wataona ugonjwa umeingia. Chakula cha msaada kitaletwa. Wakiambiwa watakataa, Gotfrida. Wewe ungekubali? Na mlima mmoja ukibaki na Mwenzi, tumefanya kazi bure."

"Matekelo ni kwetu."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe badala ya kukutumia ujumbe."

*

Dada yake Gotfrida, Benigna, alikuwa akipalilia karibu na chanzo, kwenye shamba la juu kuliko yote Matekelo. Alipomwona mdogo wake anapanda na buti za maabara alicheka, akaegemea jembe.

"Umekuja kula au umekuja kuchimba udongo wangu tena?"

"Shikamoo, dada. Nimekuja kusema neno."

"Marahaba. Basi njoo ule, neno utasema umeshiba."

Walikula ugali na majani ya maboga. Ugali ulikuwa mwingi. Gotfrida aliutazama upande wa sahani ambako zamani maharage yangekuwepo, na dada yake akaona anatazama.

"Nimepanda mara mbili bustanini," Benigna alisema. "Yanaota vizuri, yanafika kimo cha kiganja, yanageuka manjano. Wanasema mbegu zimechoka."

"Hazijachoka."

Gotfrida alimweleza. Alimweleza yote, mlango wa mahindi, desturi aliyoiondoa, bakteria wanaokula bure, kirusi, chanzo cha maji, na amri ya kufanya kimya. Hakuwa amekusudia kusema hayo yote. Alipomaliza, Benigna alikuwa ameacha kula.

"Mlitupa bila kutuuliza," alisema polepole. "Tulikuwa na njaa, tukapokea, sikulaumu. Sasa mnataka kuchukua, na mara hii pia hamtuulizi."

"Wakiulizwa watakataa, dada."

"Labda. Lakini wewe unawajua watu hawa kwa majina. Utapita njiani unawaamkia, na wao wanatazama mahindi yao yanakufa, na wewe unajua sababu. Utaweza?"

Gotfrida alianza kukusanya vyombo.

"Mimi nisingeweza," Benigna alisema, akanawa mikono.

*

Watu walikutana kwenye ghala la kahawa la ushirika, maana mvua ilikuwa inanyesha. Longino alikuja pia. Alikuwa amembishia Gotfrida njia nzima, na mwishowe akasema atakaa nyuma asikilize tu. Gotfrida alisimama mbele na shina la haragwe lililong'olewa na mizizi yake. Alipasua kinundu kwa ukucha, akaonyesha weupe wake, kisha akalitoa shina lipite mikononi mwa watu. Alieleza kwa maneno ya kawaida. Hakuficha hata ile amri ya kufanya kimya.

Kelele zilizofuata zilichukua muda kutulia. Ndipo Kosmas Turuka, mwenye shamba linalopakana na la Benigna kwa chini, akasimama.

"Daktari, mara ile ulikuja humu humu ukatuambia mahindi haya ni salama. Ulikuwa unatudanganya, au ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa sijui."

"Na leo unajua?"

"Leo najua zaidi ya wakati ule. Siwezi kukuahidi kwamba najua yote."

"Basi mimi nakuambia mahindi yangu ni mazima," Kosmas alisema. "Nitayaua kwa ajili ya kitu unachokiona wewe kwenye hadubini?"

Wengi waliitikia. Ilionekana neno limekwisha. Ndipo Benigna akainuka kutoka kwenye gunia alilokalia.

"Nilimzika mwanangu Alto mwaka wa njaa," alisema. "Kwa hiyo mtu asinieleze njaa ni nini. Lakini sisi tuliobaki tulivushwa na maharage. Mahindi yalikuwa hakuna, maharage kidogo tulikuwa nayo. Mahindi haya yakianguka, na maharage hayapo, tutavuka na nini? Anzeni kwangu. Shamba langu ndilo la kwanza kupata maji."

"Kirusi hakiwezi kuishia kwako, dada," Gotfrida alisema. Aliona ni lazima aliseme, ingawa lingemharibia. "Mvua itakibeba kushuka kwa Kosmas, na toka kwa Kosmas kushuka chini, mpaka kijito. Akikubali mmoja ni kama wamekubali wote. Kwa hiyo nitawauliza wote, kwa jinsi maji yanavyoshuka. Akisema mmoja hapana, simwagi."

Kule nyuma, Longino alifumba macho.

Likawa jambo la mchana mzima. Kila kaya ilijibu kwa zamu, toka mlimani kushuka. Kosmas alimtazama Benigna, akasema ndiyo kwa sauti ya mtu anayekohoa. Mmoja alimtukana Gotfrida kwanza, kisha akakubali. Wengine waliomba watoke nje wakashauriane na wake zao. Mama mmoja alilia, akasema ndiyo huku analia, na Gotfrida alimwambia ana haki ya kusema hapana. Yule mama akamjibu kwa hasira kwamba anajua haki yake.

Wa mwisho alikuwa Osmunda Kapinga. Shamba lake lilikuwa bondeni, linapokea maji ya mlima wote. Alikuwa mjane, ana watoto watatu na mama mkwe mzee, na alikuwa amekaa karibu na mlango muda wote bila kusema.

"Hapana," Osmunda alisema. Akajifunika kanga kichwani, akatoka mvuani.

*

Longino na Gotfrida walipobaki wawili nje ya ghala, Longino alisema, "Kirusi kimo garini. Chanzo kiko pale juu. Ni kazi ya muda mfupi tu."

"Nimeahidi."

"Umeahidi wewe. Mimi sikuahidi. Unaacha milima yote ipotee kwa neno la mtu mmoja?"

"Basi nenda ukakimwage wewe."

Longino alilitazama gari, akautazama mlima. Mvua ilimlowesha mabega. Hakwenda.

Kesho yake Gotfrida alishuka bondeni. Alimkuta Osmunda akipandishia mahindi udongo, na mahindi yale yalikuwa mazuri kuliko yote Matekelo. Mama mkwe, Mama Kandida, alikuwa ameketi mlangoni akikoboa ulezi.

"Sikuja kukubembeleza," Gotfrida alisema baada ya kuamkia. "Nimekuja ili kama una swali, uniulize bila watu."

Osmunda aliendelea kulima hadi mwisho wa kingo ile, akarudi.

"Nina moja. Njaa ikija, wewe utakuwa wapi?"

Gotfrida aligeuka kuangalia upande wa kituo. Kituoni kulikuwa na chakula cha watumishi. Lilikuwa jambo ambalo hakuwa amelifikiria hata mara moja, na aibu ilimpanda usoni.

"Unaona," Osmunda alisema, bila ukali. "Sikukataa kwa sababu sikuelewa, dada daktari. Nilielewa vizuri sana. Nilikataa kwa sababu kila aliyesema ndiyo alikuwa anatazama wa kumsaidia, na mimi nikitazama simwoni mtu." Aliusimamisha mpini wa jembe mbele yake. "Njoo ukae kwangu. Ulale humu, ule tutakachokula sisi, mpaka mavuno mengine. Ukikubali hilo, nami nakubali lako."

Gotfrida aliitazama nyumba, akawatazama watoto waliokuwa wakichungulia, akamtazama Mama Kandida, ambaye hakuacha kukoboa.

"Nitakuja," alisema.

Walikimwaga kirusi pamoja, Gotfrida, Benigna na Osmunda, kwenye chanzo cha maji, mvua ikinyesha. Kilikuwa maji tu kwa macho.

*

Mahindi yalianza kubadilika kwa majani ya chini. Manjano yalianzia nchani, yakafuata uti wa jani, yakapanda. Yalitoa magunzi madogo kama vidole, yenye punje za kuhesabika. Mwezi Machi watu walipanda maharage, mbegu chache walizokuwa wamezificha, na hakuna aliyejua kama bakteria wa zamani bado wamo udongoni.

Gotfrida alikuwa amehamia kwa Osmunda na mkoba wa nguo. Alilala chumba kimoja na Mama Kandida. Longino alipomletea gunia la unga toka kituoni, alilipeleka ghala la kahawa likagawiwe kwa wote, na mgao wao ukawa bakuli moja. Walikula mara mbili kwa siku, kisha mara moja. Walichimba viazi vitamu kabla havijakomaa. Malori ya msaada yalikwama ng'ambo ya mto, mvua ilikuwa imekata barabara, na kila wiki Longino alituma habari kwamba yanakaribia.

Siku moja, wakati wa kula, Gotfrida alimwona Mama Kandida akitia tonge lake katika bakuli la mjukuu mdogo, halafu akijifuta midomo kama mtu aliyeshiba. Macho yao yakakutana. Yule mzee akatikisa kichwa kidogo. Usiseme.

Gotfrida alisema. Alimfuata Osmunda kijitoni na kumwambia, na Osmunda akarudi mbio nyumbani, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akamsihi ale.

"Sitaki," Mama Kandida alisema.

"Mama, utakufa."

"Mkutano ule mliwauliza watu wote, kila mtu na neno lake. Mimi hamkuniuliza, kwa sababu sina shamba. Leo najiuliza mwenyewe, na nimejibu." Alimgeukia Gotfrida. "Na wewe, binti Hyera, mbona unalia? Si ndiyo desturi uliyoileta, ya kila mtu kujisemea?"

Walijaribu kumlisha kwa nguvu na kwa maneno. Walipika uji, wakamwekea asali kidogo iliyopatikana kwa Kosmas. Aliunywa kidogo mbele yao, na uliobaki akawapa watoto walipogeuka. Baridi ya Juni ilipoingia, na ukungu ukakaa bondeni hadi adhuhuri, alilala asubuhi moja hakuamka. Malori yalifika baada ya mazishi.

Kaburini, watu walipokwisha kutawanyika, Gotfrida alibaki amesimama na Osmunda.

"Unataka nikuambie nimekusamehe," Osmunda alisema.

"Sitaki chochote."

"Unataka. Na mimi sijui kama nimekusamehe. Ila kirusi kile nilikimwaga pamoja nawe, na neno la kukubali nililisema mwenyewe. Hilo halinitoki, na sitaki linitoke." Akaokota kanga ya mzee iliyokuwa imeachwa kwenye nyasi, akaikunja. "Twende, watoto wako peke yao."

*

Longino alikuja kiangazi, gari lake limejaa vumbi. Maharage yalikuwa yamevunwa. Kwenye miteremko ya juu, kwa Benigna na Kosmas, yalitoka vizuri. Katikati yalitoka nusu. Bondeni yalitoka kidogo tu, ila yalitoka. Gotfrida alikuwa amekonda, mikono imeota sugu, na Longino alimtazama kwa muda kabla ya kumwamkia.

Walikaa uani. Osmunda alikuwa pembeni akipeta maharage kwenye ungo.

"Mamlaka wameridhika na Matekelo," Longino alisema. "Wanataka tuvuke mto mvua zikianza, tufanye milima ya ng'ambo. Wewe ndiye utakayeongoza." Akasita. "Mara hii hawataki mikutano. Wanasema mlichelewa sana hapa. Na wanasema habari ya yule mzee ikisikika, hakuna atakayekubali."

"Wanajua alikuwa na jina?" Gotfrida aliuliza.

"Gotfrida, mimi ni mleta ujumbe tu."

"Siendi kimya kimya. Waambie hivyo."

"Watamtuma mwingine. Wameshanipa jina lake. Kesho kutwa anakwenda kuangalia chanzo chao."

Gotfrida aliinamia mikono yake. Alikuwa amechoka kwa namna ambayo usingizi haungeiondoa.

Osmunda aliweka ungo chini.

"Kutoka hapa hadi huko ni mbali kiasi gani kwa gari hilo?"

"Jioni tutakuwa tumefika," Longino alisema. "Kwa nini?"

Osmunda alisimama. Alimwita binti yake mkubwa, akamwambia awachukue wadogo zake wakalale kwa Mama Benigna, wapeleke na maharage yale. Aliingia ndani, akatoka amevaa viatu na kanga safi.

"Nitakwenda nikawaambie mimi, kabla huyo mwingine hajafika," alisema. "Huyu daktari hawamjui. Mimi ni mkulima kama wao."

"Utawaambia nini?" Longino aliuliza.

"Mahindi yalivyokauka. Maharage yalivyotoka, juu na chini. Malori yalivyochelewa. Na mama mkwe wangu."

"Ukiwaambia la mama yako watakataa."

"Wanaweza kukataa," Osmunda alisema. "Lakini watakuwa wamejua."

Alifungua mlango wa nyuma wa gari. Gotfrida alikuwa ameshaingia kwa upande wa pili, ameketi katikati ya kiti na mkoba wake mapajani, kama mtu asiyejua anakwenda kufanya nini.

"Sogea," Osmunda alimwambia.

Gotfrida akasogea, na Longino akawasha gari.